Msasa au mchanga? Kumfundisha mtoto sauti za herufi kwa kidole, huku Mtwara na Lindi

Wiki ya pili tangu shule zifunguliwe, mama mmoja alisimama kwenye mlango wa darasa langu la awali hapa Mikindani, karatasi nne za msasa kazikunja ndani ya kanga. "Samahani Mwalimu," akasema, "nimeambiwa herufi za msasa, zile za kupapasa kwa kidole, ndizo zinazomfanya mtoto ashike haraka. Dada yangu yuko Nachingwea, anasema mwalimu wao hana msasa wala nini, wanaandika mchangani tu, na watoto wanasoma. Sasa nishike lipi?"

Nilimjibu kwa haraka kwa sababu watoto walikuwa wameshaanza kuvutana mashati. Swali lake lilistahili jibu refu zaidi, na jibu lenyewe ndilo hili. Nimefundisha awali miaka 11, mitano ya mwanzo ndani huko wilaya ya Nachingwea, iliyobaki hapa pwani. Vifaa nitakavyovitaja karibu vyote nimevitengeneza mwenyewe, vingine mara mbili au tatu kwa kuwa vya kwanza viliharibika.

Kwa nini kidole

Jicho huichukua herufi nzima kwa mara moja. Mtoto wa miaka mitano amezoea tangu azaliwe kwamba kitu hakibadiliki jina kwa kugeuzwa: kikombe ni kikombe, mkono wake ukielekea mlangoni au dirishani. Halafu siku moja anaambiwa kwamba mti wenye tumbo kulia ni b, na tumbo likihamia kushoto ni d. Kwa macho peke yake hilo ni gumu kwelikweli, na sipendi kabisa mtoto akiitwa mzito kwa ajili hiyo.

Kidole hakiwezi kuchukua kitu kizima. Hupita hatua kwa hatua, kinaanzia mahali na kuishia mahali, na kwa kidole b na d ni njia mbili zisizofanana. B huanza na mti unaoshuka, ndipo tumbo lifuate. D huanza na tumbo, mti ukaja baadaye. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa, wakiwemo Florence Bara na Édouard Gentaz, walichapisha kazi waliyoifanya na watoto wa chekechea. Waliopapasa herufi zilizoinuka huku wakizitazama walielewa uhusiano wa herufi na sauti vizuri kuliko waliozitazama tu. Maelezo yao yanakaribiana na ninayoyaona darasani kila siku: mguso humlazimisha mtoto aishughulikie herufi kipande kwa kipande.

Ila kidole chenyewe hakina sauti, na hapa ndipo wengi tunapokosea, tukiwa na msasa, mchanga au dhahabu. Nimeona madarasa ambayo watoto wanafuatisha herufi kimya kimya, au wanaimba jina lake: me, se, be. Mtoto aliyefundishwa kwamba m ni "me", siku ya kusoma neno mama atasoma "me-a-me-a" na hatasikia mama yeyote humo. Sauti ya m ni mmmm, midomo imefungwa, tangu kidole kianze kutembea mpaka kisimame. Kidole kikisimama, sauti nayo inasimama. Irabu zote tano zinavutika hivyo, pamoja na m, n, s, f, l, v na z. Hizi b, d, g, k, p na t hazivutiki. Ukizivuta unazibandika irabu bila kutaka. Hutamkwa mara moja, kwa kukata, na mimi huziingiza kwenye silabi mapema, ba be bi bo bu, maana Kiswahili ni lugha ya silabi na mtoto ameshazisikia kwenye nyimbo za kuchezea kabla hajafika shule.

Kwa sababu hiyo siendi kwa mpangilio wa a, b, ch. Naanza na a, m, i, s. Kwa herufi hizo nne tu mtoto anasoma mama, mimi, sisi na sima, na hakuna neno hata moja hapo ambalo halijui kwao.

Msasa

Msasa kwa asili ni mti. Majani yake yanakwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijachukua jina hilo. Aliyeifanya karatasi hiyo kuwa kifaa cha kusomea ni Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, katika San Lorenzo, mtaa wa watu maskini. Kabla ya hapo, alipokuwa akifundisha watoto wenye ulemavu wa akili, alikuwa na herufi za mbao zilizochongwa vizuri. Kwa watoto wa San Lorenzo hakupata wa kumtengenezea nyingine kama zile, ndipo akakata za msasa na kuzibandika kwenye kadi. Nalitaja hili kwa kuwa siku hizi kadi za msasa zinaonekana kama kitu cha shule za wenye uwezo, wakati zilizaliwa kwa kukosa.

Kuzitengeneza si kazi ngumu, ila ina mahali pa kuangalia. Karatasi ya kawaida ya msasa ina upana wa sentimita 23 na urefu wa 28. Ukiigawa mara mbili kwa mara tatu unapata vipande sita, kila kimoja kinatosha herufi moja ya ukubwa mzuri. Alfabeti yetu ukiihesabu ch kama moja ina herufi 24, kwa hiyo karatasi nne za yule mama zilikuwa zinamtosha barabara, mradi asikosee kukata. Ya tano ningemshauri anunue kwa ajili ya ng', ny, sh, th, dh na gh, ambazo zinastahili kadi zake zenyewe kwa sababu kila moja ni sauti moja.

Chukua namba 120 au 150. Namba 60 inakwangua ngozi, na mtoto akishaumia kidole mara moja hatakigusa tena kifaa chako. Chora herufi upande wa nyuma wa karatasi, na uichore ikiwa imegeuzwa, ili ukiigeuza kwenda upande unaokwaruza ikae sawasawa. Mimi mara ya kwanza sikulijua hilo, nikapoteza karatasi nzima kwa s na z zinazotazama kinyume. Kata kwa kisu au wembe juu ya ubao, usitumie mkasi wa kushonea kwa kuwa msasa unamaliza makali yake. Bandika kwa gundi nyeupe ya maseremala. Gundi ya uji wa unga wa muhogo inashika vizuri siku ya kwanza, kisha usiku mende na panya wanakuja kuila, na msimu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, unyevu wa pwani unaibandua yenyewe. Irabu nazibandika kwenye kadi za rangi moja na konsonanti za rangi nyingine.

Mtoto hupitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, vya mkono anaoutumia mwenyewe. Akiwa wa kushoto, mwache awe wa kushoto. Anapitisha kwa wepesi bila kukandamiza, akianzia kwenye nukta uliyoiweka, na sauti ikitoka. Ukishamwonyesha herufi mbili au tatu zisizofanana, unafuata hatua ambazo Montessori alizichukua kwa daktari Mfaransa wa karne ya 19, Édouard Séguin. Kwanza unamwambia: hii ni mmmm, hii ni ssss. Kisha unamwomba: nionyeshe mmmm. Mwisho unauliza: hii ni ipi? Akikwama kwenye la tatu unarudi kwenye la kwanza bila kumsema.

Uzuri mkubwa wa msasa niliuona mwaka jana kwa mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa kwenye herufi s. Kwenye kona ya pili kidole kilitoka njiani kikaingia kwenye kadibodi laini. Akasimama mwenyewe. Ulimi nje pembeni mwa mdomo, akakirudisha kidole nyuma kidogo, akaikamata tena njia ya kukwaruza, na ile ssss aliyokuwa ameikata akaiendeleza mpaka mwisho. Sikusema neno. Kadi ndiyo iliyomwambia kwamba amepotea, na kadi hiyohiyo ikampokea aliporudi. Mtoto anayesahihishwa na mwalimu mara 20 kwa siku huanza kuogopa. Huyu aliyejisahihisha alitaka kurudia.

Tatizo ni hesabu. Kadi moja inashika mtoto mmoja. Mpe kila mtoto dakika mbili tu za herufi moja, darasa la watoto 70 linakula dakika 140. Hata kwa watoto 25 kwa mwalimu mmoja, ambacho ndicho kiwango cha serikali kwa awali, ni dakika 50, na watoto 24 wamekaa wanakusubiri. Mtoto wa miaka mitano hajui kusubiri, wala hana sababu ya kujua.

Mchanga

Kuandika mchangani hakuna aliyekuja kutufundisha. Pita ufuo wowote kuanzia Msimbati hadi Kilwa, utakuta watoto wamechora. Wenzetu wa mbali nao waliliona jambo hili: mwishoni mwa karne ya 18 Mskoti Andrew Bell, akiwa Madras huko India, aliwakuta watoto wakiandika herufi mchangani kwa vidole, akauchukua utaratibu huo na kuupeleka hadi Uingereza. Na wazee wetu waliopita chuo cha Kurani, walioanza na alifu kwa ujiti, hawashangai wakimwona mjukuu ameinama chini anaandika kwa kidole.

Sinia la bati linafaa, lakini chombo ninachokipenda kuliko vyote ni dumu la mafuta la lita 20, lile la njano. Likate katikati kwa urefu, unapata vitalu viwili vilivyo tayari, vina kingo za kuzuia mchanga usimwagike. Pitisha mshumaa kwenye makali ya plastiki mpaka yalainike, ama uyazungushie tepe. Mwaga mchanga wa unene wa kidole cha mtoto, usizidi sentimita moja. Kidole kikipita, njano ya chini inajitokeza na herufi inang'aa mbele ya macho yake. Hapo mtoto anaifuatisha na kuiona ikizaliwa, kitu ambacho msasa hauna.

Mchanga gani? Wa ufukweni una vipande vya kombe na chumvi. Chumvi inavuta unyevu, vidole vinanata, na kombe linachoma. Uoshe kwa maji baridi ya bomba mara tatu, uanike kwenye turubai, kisha uuchekeche. Wa mto, ule wanaojengea huko Nachingwea, ni mzuri ukishachekechwa. Udongo mwekundu wa juu kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, siupendi kwa kazi hii. Unapanda puani, unakaa kwenye mashati, na kule maji ni ya shida. Watoto 60 wa kunawa mikono kila kipindi ni ndoo ambazo kuna mama amezitafuta kwa jasho. Na vyovyote mchanga ulivyo, ufunikwe usiku, maana paka nao wanaupenda.

Kuna walimu wanaotumia unga badala ya mchanga. Kwangu hapana. Nina watoto wanaokuja asubuhi bila kutia kitu tumboni, sitawawekea unga mbele yao wauchezee kisha tuumwage.

Nguvu ya mchanga ni kwamba wote wanafanya kwa pamoja. Madumu 35 yananipa vitalu 70, na nikisema "ssss" darasa zima linaandika kwa sauti moja. Nguvu nyingine ni kufuta. Anapitisha kiganja, kosa limekwenda, hakuna alama nyekundu ya kumsuta. Kwa mtoto mwoga hili ni jambo kubwa. Nimekuwa na mtoto wa kike aliyekataa penseli miezi miwili nzima, akificha mikono chini ya dawati, na mchangani aliandika siku ya tatu.

Udhaifu wake ni kwamba mchanga hukubali kila kitu. Ukiandika s ya kinyume, mchanga unaipokea. Ukianza n kutoka chini, unaipokea pia. Mwaka wangu wa pili Nachingwea ziliisha wiki tatu ndipo nikagundua kwamba safu nzima ya nyuma inaandika n kuanzia mguu wa kulia, kwa kuwa mmoja alianza hivyo na wenzake wakamwiga. Kuwarudisha kulinichukua muda mrefu kuliko kuwafundisha.

Ndiyo maana nikiulizwa kipi ni bora nasita. Msasa unampa mtoto njia, yeye anaifuata. Mchanga haumpi kitu, unamtaka ailete njia kutoka kichwani mwake. Cha kwanza kinafundisha, cha pili kinamfanya akumbuke, na mtoto anahitaji vyote viwili kwa mpangilio huo. Palipo na watoto wengi nachukua kadi chache kubwa za msasa, moja moja kwa kila kundi, na vitalu vya mchanga kwa kila mtoto. Mtoto anakwenda kuigusa kadi huku anatoa sauti, anarudi mahali pake anaiandika mchangani. Mwendo ule wa hatua nne tano kutoka kwenye kadi hadi kwenye mchanga, akiwa ameibeba herufi kichwani, ndio unaomfundisha kuliko vyote viwili.

Kibao cha kuchonga

Huku kwa Wamakonde mchongaji hatafutwi mbali. Fundi mmoja mzee wa Masasi, mchonga vinyago, ndiye aliyenitengenezea vibao vya kwanza: ubao wa mwembe, herufi imechimbwa ndani kama mtaro mdogo wa upana wa kidole cha mtoto, umelainishwa vizuri usiwe na vibanzi. Nilimpelekea michoro, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaigeuzageuza karatasi ya n. "Mwanangu," akaniuliza, "kidole kinaanzia wapi?" Nikamwonyesha. Akachukua bobari, akachimba kishimo kidogo pale pa kuanzia, akaendelea na kazi yake. Sikuwa nimelifikiria hilo. Tangu siku hiyo mtoto anashusha kidole, kinatumbukia kishimoni, na anajua pa kuanzia hata akifumba macho.

Vibao hivi vina miaka sita na bado vizima. Mvua haivibandui, mende hawavili, na mtoto anaweza kupitisha kijiti au penseli ndani ya mtaro akaanza kuzoea kushika kalamu. Kwa bei haviwezi kushindana na msasa, maana kila kimoja ni saa kadhaa za mkono wa fundi. Na mtaro unakishika kidole mno: mtoto hawezi kutoka njiani, kwa hiyo hawezi kugundua kwamba ametoka. Nawapa kwanza watoto ambao mkono wao haujatulia, na wale wasioona vizuri. Wengine wakishavizoea nawahamisha.

Daftari la vitone, na simu

Hapa sitakaa sana. Madaftari ya kuunganisha vitone kwa penseli yamejaa madukani, na wazazi wanayanunua kwa nia njema. Ila penseli juu ya vitone haimpi mtoto mguso wa herufi, na jicho lake linafukuzana na vitone bila kuiona herufi yenyewe. Mwaka 2012 Karin James na Laura Engelhardt wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa watoto wa miaka mitano ambao hawajajua kusoma. Watoto walijifunza herufi kwa njia tatu, kuziandika wenyewe bila kufuatisha, kufuatisha vitone, na kubonyeza kibodi. Walipoonyeshwa herufi baadaye, sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma ziliamka kwa zile walizoziandika wenyewe, si kwa walizozifuatisha wala walizozibonyeza. Naliweka moyoni hili hata kwa msasa. Kufuatisha ni mlango. Mtoto asiachwe akae mlangoni mwaka mzima, ndani ya siku chache aitwe aandike bila njia, na mchanga ndio mahali pepesi pa kufanyia hivyo.

Programu za simu ni kioo kitupu, laini kwenye b na laini kwenye d. Nyingi zinatamka herufi kwa Kiingereza, "ei, bii, sii", mtoto anakuja shule anasema a ni "ei" na i ni "ai". Inabidi nianze kwa kubomoa.

Mguso mwingine, wa kooni

Kuna watoto ambao kidole kitaifuatisha b vizuri kabisa na bado watasema p. Masasi na Nanyumbu, kwa watoto wanaokulia katika Kimakua, hili ni la kawaida, na asili yake ni lugha: Kimakua hakitenganishi p na b, t na d, k na g kwa namna Kiswahili kinavyozitenganisha. Mtoto hana ulimi mbovu wala masikio mabovu. Anasikiliza kwa sikio la nyumbani, na hakuna haja ya kumcheka wala kuwaacha wenzake wamcheke.

Dawa yake ni mguso pia. Mwekee vidole vyake mwenyewe kooni. Aseme ssss, koo limetulia. Aseme zzzz, koo linatetemeka kama nyuki kwenye kopo. Rudieni ffff na vvvv mpaka acheke. Akishaujua mtetemo huo ndipo umpeleke kwenye p na b: kiganja mbele ya mdomo, p inapuliza upepo kiganjani, b inagonga kooni. Baada ya hapo mpe kadi za msasa za p na b, si siku moja, na mkono mmoja ubaki kooni wakati mwingine unafuatisha. Ni kazi ya mtoto mmoja mmoja, na hapo ndipo kadi inapoushinda mchanga kwa mbali.

Ningechagua nini

Mzazi mwenye mtoto mmoja au wawili nyumbani achukue msasa. Ana muda wa kukaa naye dakika kumi baada ya chakula, na anayo masikio ya kusikia kama sauti inatoka pamoja na kidole. Asikate herufi zote 24 kwa mkupuo. Akate a, m, i na s, azitumie wiki mbili, kisha aongeze mbili mbili, na b na d aziweke mbali kwa mwezi hata zaidi.

Mwalimu mwenye watoto 50 kwenda juu, mchanga, bila kusita, na kadi tano sita kubwa za msasa za kutembelea makundi. Akilazimika kukosa kimoja, akose kadi, lakini achore njia hewani na darasa zima kwa mkono ulionyooshwa kabla hawajagusa mchanga, na azunguke nyuma kwanza. Makosa hukaa safu ya nyuma.

Aliye juu Newala ambako maji ni ya kuhesabu, aelekee kwenye kadi au vibao, na mchanga autumie siku moja moja. Shule inayoweza kuchanga fedha iwape mafundi wa kwetu kazi ya kuchonga vibao vya herufi zinazosumbua, b, d, m, n, u, s, kabla ya kuagiza vya plastiki kutoka Dar es Salaam, ambavyo mara nyingi vinakuja na herufi kubwa tupu pamoja na q na x ambazo Kiswahili hakizitumii.

Bibi anayelea wajukuu na hajui kusoma asiambiwe kwamba hawezi kusaidia. Mtoto akimwonyesha kadi na kutoa sauti, bibi anasikia kama sauti inavutwa sawasawa na kidole. Hilo ni nusu ya kazi, na anaiweza kwa masikio tu.

Yule mama alirudi shuleni mwezi wa tatu. Karatasi mbili za msasa amezitumia, mbili bado anazo kabatini, na mwanawe anasoma sima na mimi bila kushikwa mkono. Kilichomleta ni kuniuliza kama kuna ubaya katika mchezo ambao mtoto ameuanzisha mwenyewe: usiku wakishalala kitandani anamwandikia herufi mgongoni kwa kidole, na mama lazima atoe sauti yake. Akikosea anafutwa kwa kiganja, kama mchanga, na kuandikiwa upya.